Dada, Panya Wamerudi Kwenye Maji ya Sukari

Dada Raya,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kuvuta, na Mama aliyekuwa anapita ukumbini hakuniuliza nazungumza na nani. Zamani angeuliza, na jibu lisipomridhisha angeuliza tena. Hilo nalo nitakwambia. Lakini acha nianze na panya, maana wewe ukisikia panya unacheka, na mimi nataka uanze kwa kucheka.

Wamekunywa. Panya wangu wamekunywa maji ya sukari.

Najua hujui nasema nini. Muda wote niliokaa kwako Bububu, nikitoka asubuhi kwenda Tunguu na kurudi jioni nanuka maranda ya mbao, hukuniuliza hata mara moja nafanya nini hasa huko maabara. Ulikuwa umeshajipa jibu. Wageni wakija unawaambia, "Mdogo wangu huyu kasomeshwa mpaka kamaliza, sasa kaajiriwa kulea panya." Unaongeza kwamba panya wenyewe wanalala pazuri kuliko wewe, wana taa na pangaboi. Mimi nanuna, wewe unazidi. Siku nyingine ulinifungia mkate wa kumimina, vipande viwili mbali mbali, ukanambia, "Hiki chako, na hiki cha watoto." Nilikipeleka, Dada. Walikuwepo panya wazee wawili ambao hawakuwa kwenye utafiti wowote, nikawapa wao, wakakimaliza mpaka chembe ya mwisho.

Basi leo nakueleza kazi yangu, kwa kuwa huna pa kukimbilia.

Mwalimu ninayemfanyia kazi anachunguza kiini kimoja kilichochujwa kutoka kwenye majani ya mrehani. Ndiyo, mrehani, huo huo uliokuwa umeupanda kwenye makopo ya maziwa mlangoni kwako, ukiuchuma kila alasiri kufungia pamoja na asumini, vikuba vyako vya kuuza. Anataka kujua kama kiini hicho kinaweza kumwinua mnyama aliyevunjika moyo kwa msongo wa muda mrefu. Sasa ili umwinue lazima kwanza umvunje, na kazi hiyo ya kuvunja ndiyo niliyopewa mimi.

Hakuna anayepigwa. Ningepewa kazi ya kupiga ningeikataa, na ungeniunga mkono. Leo unamwagia maji kwenye maranda anayolalia, alale kwenye unyevu. Kesho unaliinamisha tundu, kila akisimama anateleza. Siku nyingine unamtoa kwa mwenzake aliyemzoea, unamtia kwa mgeni, au unamwacha peke yake, au unawasha taa saa zao za giza. Na kila siku lazima kiwe kisa kingine, asije akazoea. Ni kero ndogo ndogo zisizokwisha, na yeye hana la kufanya. Baada ya wiki kadhaa manyoya yanasimama, hajisafishi tena, anakaa pembeni mwa tundu na uso ameuelekeza ukutani. Hana jeraha. Ukimpima, huoni ugonjwa.

Basi unajuaje kama amevunjika, na panya hasemi? Unamwekea chupa mbili. Moja ina maji matupu, nyingine ina maji yaliyotiwa sukari kidogo. Panya mzima anaiendea ya sukari, kama wewe tu. Aliyevunjika hajali. Anakunywa yoyote iliyo karibu, au hanywi, na ile ya sukari unaikuta imejaa kama ulivyoiacha. Siku mwalimu aliponieleza hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kalamu, na nilimwomba ruhusa nikatoka nje. Wewe ulikuwa umeshazikwa.

Nani katika ukoo wetu alikuwa mlevi wa sukari kukushinda? Marehemu Shemeji alikuwa akisema chai yako hainywewi, inatafunwa. Ulikuwa unatia, unakoroga, unaonja, unatia tena, na iliki juu yake, kisha unalalamika kwamba sukari ya siku hizi haina nguvu.

Shemeji alitoka kwenda kazini akarudishwa amefunikwa shuka. Moyo, walisema. Ukaingia eda. Ukavaa nguo zisizo na urembo, ukatandikiwa godoro chumba cha nyuma, na mlango wa mbele hukuusogelea tena. Vikuba ukaacha, maana mwenye eda haguswi na manukato. Mrehani nikawa naumwagilia mimi. Watu waliokuwa wameagiza vikuba vya harusi wakatafuta pengine, na wale wa Darajani waliokuwa wakikununulia wakasema wanakusubiri utoke.

Na wote tukakusifu. Hapo, Dada, ndipo tulipopotea, na sidhani kama watu wa pengine wangepotea hapo. Hukucheka, tukasema ndivyo anavyotakiwa mfiwa. Hukutoka, tukasema anajua dini yake. Hukujipamba, hukusimama dirishani, hukuuliza habari za mtu. Bi Mize, jirani yako, alikuwa akikaa kizingitini na kuwaambia wanawake waliokuja kutoa pole, "Mwangalieni Raya. Hii ndo eda. Siku hizi mjane yumo ndani na simu yumo nayo, anacheka na watu." Mama alikuwa akisikia hivyo anainua kichwa. Alikuwa anaona fahari, masikini. Kila kitu ambacho ugonjwa ulikunyang'anya, eda ilikuwa imeshakikataza, kwa hiyo hakuna aliyeona kimepotea nini.

Lakini sukari haikatazwi kwenye eda. Hiyo ndiyo ilikuwa alama peke yake, na ilikuwa inarudi jikoni kila siku mikononi mwangu. Nilikuwa nakuletea chai ulivyoipenda, unasema, "Weka tu hapo, ntakunywa," na nikirudi naikuta imefunga utando. Nikadhani nimezidisha iliki. Nikapunguza iliki. Nikabadilisha maziwa. Mama akasema nikuache, mtu mwenye msiba kinywa kinakuwa kichungu.

Siku uliyotoka eda unaikumbuka? Walikuogesha, wakakuvika gauni la kijani, wakafukiza udi mpaka Bi Mize akakohoa. Mimi nikakufungia kikuba kwa mkono wangu, asumini na mrehani wa kwenye makopo yako. Kilikuwa kibovu, uzi umetokeza, najua. Ukakisogeza puani, ukakaa nacho kidogo, ukanirudishia. "Hakinuki," ukasema. Nikacheka, Dada. Nilidhani umerudi. Nilidhani ndiyo ile tabia yako ya kutia kasoro kila nilichofunga mimi, nikakimbia jikoni kumwambia Mama kwamba Raya kashaanza ujuvi wake. Mama akapiga kigelegele kidogo, cha chini chini. Nawe ulikuwa unasema kweli tupu, kwamba hukisikii harufu.

Usiku ulipoingia ukavua gauni, ukarudi kwenye lile godoro la chumba cha nyuma. Eda ilikuwa imekwisha lakini wewe ukaendelea kuikaa. Wiki za kwanza watu wakasema Raya kampenda mumewe. Baadaye wakaanza kuulizana. Ukapelekwa hospitali, wakakupima damu, wakakupima presha, wakasema huna kitu. Ukaletewa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, ukalinywa lote bila kukunja uso, na mimi nikafurahi kwamba angalau umekunywa kitu. Nilikuuliza, unaumwa wapi? Ukasema, "Siumwi, Zuwena. Nimechoka tu." Nikakuuliza, umechoka na nini, ukatazama ukutani.

Halafu ikaja ile homa ya mapafu, na daktari akasema mwili hauna nguvu ya kupigana nayo. Hukuchukua hata wiki.

Nilikuwemo kwenye kukuosha. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba Bi Mize alinyamaza, na hilo peke yake ungelipenda kuliona. Mlangoni kwako makopo yote yalikuwa yameshakauka isipokuwa moja, maana nilikuwa nalala nawe hospitali na hapakuwa na wa kumwagilia. Nikavunja matawi ya lile moja nikampa Kaka Seif, kwa kuwa wanawake hatufuati jeneza. Alirudi akanambia kayaweka upande wa kichwani. Sijapaona ulipolala mpaka leo, najua kwa kuambiwa tu.

Kopo lile nimelihamishia huku mjini, Mkunazini, kwa Mama. Nyumba yako imepangishwa. Nakaa na Mama sasa, kwenye kile chumba tulichokuwa tukigombania dirisha. Dirisha ni langu peke yangu na wala silifungui.

Sasa nirudi kwa wale panya. Leo asubuhi nilipoitoa chupa ya sukari kwenye tundu la kwanza, ilikuwa nyepesi mkononi. Ya pili nayo nyepesi. Hawa ndio waliokuwa wanapewa kile kiini cha mrehani, wale wale niliowalaza kwenye unyevu, walioelekea ukutani. Wamejisafisha, manyoya yamelala. Mmoja alikuja mpaka kwenye nyavu kunusa kidole changu. Mwalimu akasema Alhamdulillahi, akanambia nizipime tena zile chupa asije akafurahi bure. Nikazipima tena, na bado zilikuwa nyepesi. Kila mtu maabara akawa anatabasamu. Mimi nikaenda kwenye sinki, nikaanza kuosha chupa ambazo zilikuwa safi, na mwenzangu aliponiuliza nikasema sabuni imeniingia machoni.

Lipo kundi jingine, Dada, sijakwambia. Hao nao wamefanyiwa visa vyote vile, ila wao wanapewa maji matupu mahali pa dawa, ili tulinganishe. Lazima wawepo, bila wao hujui kama dawa ndiyo iliyofanya kazi. Nilipokwenda kwenye matundu yao chupa za sukari zilikuwa zimejaa. Walikuwa wamekaa pembeni vile vile. Wewe ulikuwa kwenye kundi hilo. Ulifanyiwa kila kitu, ukapewa maji.

Na hao waliopona, usifurahi sana. Utafiti ukimalizika wote wanalazwa usingizi wasioamka, waliopona na wasiopona, ubongo utolewe na kutazamwa. Kuyabeba matundu ni kazi yangu. Nilikuwa najua tangu siku ya kwanza na sijawahi kulalamika, kazi ni kazi. Lakini leo yule aliyenusa kidole changu nilimwona tofauti, nikawa najiuliza nimemrudishia utamu wa nini.

Sasa ile habari ya Mama.

Mama harudishi chai, kwa hiyo nilichelewa kuona. Yeye anaipokea, anasema ahsante, anashika kikombe kwa mikono miwili. Kisha anakaa nacho hivyo hivyo mpaka adhana. Zamani alikuwa akisikia muuza samaki chini anateremka ngazi kugombana naye, hata kama hanunui. Sasa anasema, "Nunua utakacho." Kanga aliyovaa leo ndiyo ya juzi. Bi Mize alikuja kumtazama, akakaa naye muda mrefu, na akiondoka akanivuta pembeni akanambia, "Mashaallah, mama yenu ana subira. Hata sauti yake hatujaisikia." Nikamwambia, Bi Mize, huyu anaumwa. Akanitazama kwa huruma, si kwa hasira, ningependelea hasira. "Kufiwa si kuumwa, mwanangu," akasema, akashuka ngazi.

Nilimuuliza mwalimu. Nilimzunguka kwanza, nikajifanya nauliza habari za watu kwa jumla, lakini si mjinga, akajua. Akanambia, "Zuwena, hiki kimejaribiwa kwa panya. Kwa mtu hatujui hata kiasi gani ni sumu. Mpaka kimfikie mtu, kama kitafika, ni miaka mingi." Akanambia maradhi haya yana jina, sonona, na kwamba hospitali yapo matibabu yake yanayojulikana, nimpeleke Mama. Aliniambia kwa upole sana. Kabati lenyewe liko hatua chache kutoka ninaposimama, na ufunguo ninao kwa sababu mimi ndiye ninayepima. Usiogope, sitachukua. Nakwambia tu jinsi inavyokuwa kusimama pale.

Nikamwambia Mama twende hospitali. Akauliza, "Kwa nani? Kwa wale wa wendawazimu?" Nikasema si wendawazimu, Mama, ni watu waliochoka kama wewe. Nikakutaja, Dada, nikasema Raya naye alikuwa hivi hivi. Hapo ndipo aliponitazama, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi. "Mwanangu kafa," akasema. "Unataka nifanye nini, Zuwena? Nicheke?"

Nimesoma, nimefundishwa kupima huzuni ya mnyama mpaka kwenye tone la maji, na mama yangu kaniuliza swali moja nikakosa la kumjibu. Jioni nikachemsha majani ya mrehani wa lile kopo lako nikamtilia kwenye chai. Najua vizuri kwamba hiyo si dawa, kiini kile kinachujwa kutoka gunia zima la majani. Nilichemsha kwa sababu mikono ilikuwa haina la kufanya. Akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka adhana.

Kaka Seif anasema nimpe muda. Nimemwambia kwamba wewe, Dada, tulikupa muda. Nikajuta kumwambia, kwa sababu na yeye macho yake siku hizi siyapendi.

Basi nimeanza jambo ambalo ungelijua ungenicheka mpaka ukae chini. Kila alasiri namwekea Mama vikombe viwili. Kimoja kina sukari kama yako, kingine hakina kabisa. Simwambii. Leo cha sukari kinakaa kulia, kesho kushoto, kama tunavyozibadilisha chupa, asije akanywa kwa mazoea ya mkono. Kisha nakaa mbali na kushona au kujifanya nashona, namtazama mama yangu kama ninavyotazama kwenye tundu. Haimtibu. Nafahamu kwamba kupima si kutibu, usinambie. Ila na wewe nilikuwa sijui natazama nini, na safari hii angalau najua. Jana alichukua cha karibu, kisicho na sukari, akanywa mafunda mawili, akakirudisha kwenye kisahani. Hakujua tofauti. Mama, ambaye alikuwa akionja mchuzi wa jirani kwa harufu kupitia dirishani.

Nitaendelea kumwomba twende hospitali. Akikataa leo nitamwomba kesho, mpaka achoke na mimi aende kunyamazisha kelele zangu. Nimeshapajua mahali penyewe, nilikwenda peke yangu nikakaa kwenye benchi nione watu wanaoingia. Ni watu tu, Dada. Mmoja alikuwa na kapu la sokoni. Kama ningepajua siku ile uliponirudishia kikuba, lakini haya, sijui ningekwambia nini.

Nakuaga sasa. Mola akulaze pema, akupe huko kila kilichokosa ladha hapa. Mrehani unaendelea vizuri, nimeupandikiza kwenye makopo mengine mawili, na si kwa ajili ya maabara.

Nakuahidi hili tu, maana kubwa zaidi sina. Vikombe viwili nitaviweka kila siku. Siku Mama atakapoonja kimoja, akakunja uso, akasema, "Wewe mtoto, hii chai mbona haina sukari?", nitamvunjia Kaka Seif tawi la mrehani alilete kwako. Ukiliona kichwani pako usidhani ni la kumbukumbu. Ujue Mama kagomba.

Adhana inakaribia. Nakwenda kuvitoa vya leo. Nimevichungulia kutoka hapa nilipokaa, na vyote viwili vimejaa.

Mdogo wako, mlezi wa panya,

Zuwena